Neno la Herufi Tano

Jioni moja ya Februari 2022 mjukuu wangu, aliyekuwa amekuja Chato kunijulia hali, alikaa barazani ameinamia simu yake muda mrefu hata uji wake ukapoa. Nilidhani amepata habari za msiba. Nilipomuuliza kuna nini, aliinua uso akasema, “Babu, wewe ulikuwa mwalimu wa Kiingereza. Nitajie neno la herufi tano ambalo herufi zake nne za mwisho ni u, m, o na r.”

Nilifikiri. Nilihesabu herufi kwa vidole, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la tatu. Kisha nikamjibu kwa sauti ile ile niliyoitumia darasani kwa zaidi ya miaka 30: “Hakuna neno kama hilo katika Kiingereza.”

Aliniamini, maana mimi ni babu yake na tena ni mwalimu. Nafasi mbili zilizokuwa zimebaki alizitumia kwa maneno ambayo sote wawili tulijua kwamba siyo jibu, ili tu mchezo umalizike na utoe siri yake. Ukaitoa. Jibu lilikuwa “humor”, yaani ucheshi, likiwa limeandikwa Kimarekani, bila ile u ya pili ambayo Mwingereza huiweka baada ya o. Mjukuu wangu alikuwa ameshinda siku 26 mfululizo. Ya 27 aliipoteza kwa ajili yangu.

Lililonikera zaidi nililigundua baadaye kitandani, usingizi ulipokataa kuja. Mimi nilisema hakuna neno hata moja. Kumbe yalikuwepo matatu: “humor”, “rumor” na “tumor”, yaani ucheshi, uvumi na uvimbe. Mwingereza huyaandika yote matatu kwa herufi sita, Mmarekani kwa tano. Mlango uliokuwa na funguo tatu nilimwambia mtoto kwamba hauna ufunguo.

Katika insha hii nakusudia kuupima mchezo huo, kisha nijipime mwenyewe kwa mizani ile ile. Msomaji atakayeona kwamba mchezo wa simu si jambo la kumshughulisha mzee mstaafu namwomba anivumilie hadi mwisho.

Mchezo wenyewe unaitwa Wordle. Aliyeutengeneza ni Josh Wardle, mzaliwa wa Wales huko Uingereza aliyehamia Marekani, na jina la mchezo amelichezea kutoka katika jina lake mwenyewe. Kila siku kuna neno moja tu lililofichwa, lenye herufi tano, na ni hilo hilo kwa wachezaji wote duniani. Mchezaji ana nafasi sita. Akiandika neno, kila herufi hupakwa rangi: kijani ikiwa ipo na imekaa mahali pake, njano ikiwa ipo lakini imekaa pasipo pake, kijivu ikiwa haimo kabisa. Anayekosa mara sita huonyeshwa jibu, kisha hungoja kesho.

Ni lazima niseme wazi kwamba ni mchezo mzuri. Hauna kamari ndani yake, wala hauli siku nzima ya mtoto. Unamfundisha kwamba herufi zina tabia zake: zipo zinazopenda kukaa pamoja, na zipo zisizokubali kufunga neno. Aidha unamfundisha subira, kwa maana hata mwenye kiu ya mchezo hapewi neno la pili siku hiyo. Kama ningekuwa bado chuoni, ningeuchora ubaoni kila asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, nao ungewafaa wanachuo kuliko mazoezi mengi niliyowapa.

Sifa nyingine ni kwamba haukuzaliwa kwa tamaa ya fedha. Wardle aliutengeneza kwa ajili ya mwenzi wake, Palak Shah, anayependa michezo ya maneno. Kiingereza kina maneno ya herufi tano yapatayo 12,000, na mengi kati ya hayo hayajulikani hata kwa wenye lugha. Bibi huyo ndiye aliyeyapitia, akachagua yale aliyoyajua yeye, yakabaki kama 2,500. Mchezo ulitolewa kwa watu wote Oktoba 2021. Tarehe 1 Novemba ulikuwa na wachezaji 90; kufikia tarehe 2 Januari 2022 walikuwa 300,000, na baada ya wiki chache mamilioni. Mwisho wa Januari hiyo gazeti la The New York Times likaununua.

Hapo ndipo ilipo kasoro yake. Orodha iliyotengenezwa ili watu wawili wacheze nyumbani kwao New York iligeuka kuwa mtihani wa dunia nzima. Katika nyumba yao “humor” halikuwa na ubishi. Lakini neno hilo lilipotokea tarehe 9 Februari 2022, Waingereza walilalamika sana, kama walivyokwisha kulalamika mwezi uliotangulia kwa ajili ya “favor”, ambalo wao huliandika kwa herufi sita. Tarehe 5 Mei mwaka huo huo jibu likawa “homer”. Sisi tuliosoma zamani tulidhani Homer ni yule mshairi wa Kiyunani. Kumbe ni pigo fulani katika mchezo wa besiboli, ambao kwetu hapa haupo. Walioshangaa walikuwa wengi mno, wakakimbilia kamusi ya Cambridge mtandaoni, hata wenye kamusi hiyo wakalitangaza “homer” kuwa neno lao la mwaka 2022.

Tatizo hili halikuanza na Wordle. Michezo ya maneno matupu katika kompyuta ina umri wa karibu miaka 50. Katikati ya miaka ya 1970 Mmarekani William Crowther alitunga mchezo wa kutembea pangoni. Hauna picha hata moja, mchezaji husoma maelezo kisha huandika anachotaka kufanya, kwa mfano kwenda kaskazini au kuchukua taa. Mwaka 1977 mwenzake, Don Woods, aliupanua. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianzisha mchezo wa aina hiyo ambao watu wengi waliweza kuucheza kwa wakati mmoja, na Richard Bartle akauendeleza. Basi tangu mwanzo michezo hii ilikuwa na wazazi pande zote mbili za bahari ya Atlantiki, kila mzazi na tahajia yake.

Kompyuta haikisii kama mwanadamu akisiavyo. Ikiwa mtunzi ameiambia kwamba chumbani mna kanzu ya kijivu, na neno la rangi hiyo ameliandika kwa a, “gray”, mchezaji anayeliandika kwa e, “grey”, ataambiwa kwamba neno hilo halijulikani. Kanzu ipo mbele yake, lakini hawezi kuivaa. Mtunzi makini huorodhesha maandishi yote mawili, na ni kazi ya nusu dakika. Asiyefanya hivyo si kwamba ni mtu mbaya. Ni kwamba haikumpitikia kuwa duniani kuna mtu anayeandika vingine. Nataka msomaji alishike hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena mahali pabaya zaidi.

Sasa tujiulize: kati ya maandishi hayo mawili, lipi ni sahihi? Nilipokuwa kijana jibu lilikuwa rahisi. Sahihi lilikuwa la Mwingereza, na la Mmarekani lilikuwa uharibifu uliofanywa na watu wenye haraka. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyofundisha. Nilipostaafu nikapata nafasi ya kusoma, nikakuta mambo hayakuwa hivyo.

Katika mkusanyiko wa tamthilia za Shakespeare uliochapishwa London mwaka 1623, neno lenye maana ya heshima limeandikwa “honor” mahali fulani na “honour” mahali pengine, katika kitabu kile kile, kabla hata Marekani haijawa nchi. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mwaka 1755, ndiye aliyeipa nguvu ile u. Noah Webster, Mmarekani, alitoa kamusi yake kubwa mwaka 1828 akaiondoa. Kila mmoja alichagua kutoka katika ghala lile lile la zamani. Webster hakuizua “color”, aliikuta.

Tena Johnson aliiweka u hata mahali ambapo Waingereza wa leo hawaiweki. Katika kamusi yake neno lenye maana ya gavana lina u, la hofu kuu lina u, na hata neno “error”, lenye maana ya kosa, lina u: “errour”. Waingereza wenyewe waliiacha baadaye pole pole, neno moja moja, bila kuwalaumu Wamarekani. Hebu fikiri: mwalimu wa Kiingereza anayemwandikia mwanafunzi “error” pembeni mwa daftari kwa sababu ameondoa u, ameiondoa yeye mwenyewe katika neno lile lile analomhukumia!

Liko na jingine linalonitia haya. Kwa miaka mingi nilizungushia duara jekundu kila “realize” na “organize” yenye z, nikisema kwamba z hiyo ni ya Kimarekani. Siku moja, nikiwa tayari ni mkuu wa chuo, nilifungua kamusi kubwa ya Oxford kutafuta jambo jingine, nikakuta Oxford wenyewe wanaandika kwa z. Niliifunga nikatazama huku na huku kama kuna mkufunzi aliyeniona.

Basi ukiniuliza leo lipi sahihi, nitakuuliza kwanza unaandika wapi na kwa ajili ya nani. Mkanada huandika “colour” kama Mwingereza, lakini tairi la gari huliandika “tire” kama Mmarekani, na hakuna anayemfukuza shule. Vijana wa kwetu walioajiriwa katika migodi ya Geita na Kahama wamefanya kazi chini ya Wakanada, Waafrika Kusini na Waaustralia, na wameziona tahajia zote hizo katika vibali na mabango, wala hakuna shimo lililoporomoka kwa sababu ya herufi.

Tahajia ya Kimarekani, kwa hakika, haikuletwa huku na simu. Ilifika zamani. Wamisheni wa Africa Inland Mission, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1895, walikuwa Usukumani mwanzoni mwa karne ya 20, na hospitali ya Kolandoto karibu na mji wa Shinyanga ni kazi yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaja mapadri wa Maryknoll, nao ni Wamarekani, wakafanya kazi Musoma na Shinyanga. Mwaka 1961 ulianza mpango wa kuleta walimu wa sekondari Afrika Mashariki ambao uliwachanganya Wamarekani na Waingereza, na miaka hiyo hiyo wakaja vijana wa Peace Corps, waliokaa nchini hadi 1969 na kurudi 1979. Mimi mwenyewe nilifundishwa kidato cha pili na Mmarekani na kidato cha tatu na Mwingereza. Yule wa kwanza aliandika “center” ubaoni; wa pili alilifuta akaandika “centre”, wala hakutueleza kwa nini. Tulinyamaza tukanakili. Mtihani wetu wa mwisho ulitoka Cambridge, kwa hiyo tulijua ni nani wa kumwogopa.

Cambridge ilipoachwa na Baraza letu la Mitihani kuanzishwa mwaka 1973, karatasi zilianza kutungwa nyumbani, lakini hofu ile tulibaki nayo sisi walimu. Na hofu ya mwalimu, msomaji, humwangukia mwanafunzi.

Nifike sasa kwenye jambo lililonifanya niandike insha hii.

Mwaka 1981 nilikuwa mkufunzi wa Kiingereza katika chuo kimoja cha ualimu. Darasani mwangu alikuwemo kijana mtulivu, mtoto wa mpishi wa wamisheni wa Kimarekani. Alikuwa amekulia jikoni na uani kwa watu hao, akijisomea vitabu vya watoto wao, na Kiingereza chake kilitiririka kuliko cha wenzake wote. Na niseme ukweli, mahali pengine kilitiririka kuliko changu. Katika mtihani wa muhula niliwapa insha juu ya msimu wa kilimo kijijini. Yeye aliandika juu ya jirani yao aliyekuwa akilima kwa plau ya ng'ombe, na rangi ya udongo baada ya mvua ya kwanza. Hadi leo nauona udongo ule.

Kanuni yangu ilikuwa nusu alama kwa kila kosa la tahajia. Aliandika “neighbor”, akaandika “color”, akaandika “plow”, akaandika “center”, na kila lilipojirudia nililihesabu upya. Nilipata makosa 14, nikamkata alama saba. Kufaulu kulikuwa 40. Yeye alipata 36. Bila kalamu yangu nyekundu angepata 43.

Siku ya kurudisha karatasi nilimsimamisha mbele ya darasa, nikamwagiza aandike “colour” mara 100. Aliandika. Kesho yake alinifuata ofisini amekumbatia kitabu kikuukuu kilichotoka karatasi za juu. Ilikuwa ni kamusi ya Kimarekani, zawadi ya mwajiri wa baba yake. Alisema kwa adabu, “Mwalimu, naomba uangalie. Yamo humu.” Sikuifungua. Nilimwambia, “Hicho si Kiingereza.” Akasema, “Ahsante, Mwalimu,” akatoka.

Kwa alama ile hakuchaguliwa katika kundi la waliofundishwa kuwa walimu wa Kiingereza. Alipangiwa Kilimo. Alifundisha kilimo shuleni maisha yake yote, na naambiwa alikifundisha vizuri.

Unaona sasa kwa nini sikupata usingizi Februari ile. Jibu nililompa mjukuu wangu, kwamba hakuna neno kama hilo katika Kiingereza, nilikwisha kulitoa miaka 41 kabla, na mara zote mbili neno lilikuwepo. Nilikuwa nimeukasirikia mchezo kwa kuwa na orodha moja tu ya majibu. Orodha yangu mimi ilikuwa fupi kuliko hiyo. Na tofauti ipo: mchezo humnyang'anya mtu siku 26 za ushindi, ambazo hazinunui hata chumvi. Mimi nilimnyang'anya mtu kazi aliyoumbiwa.

Nisieleweke kwamba nataka kila mtu aandike apendavyo. La hasha. Mimi nimefundisha huku kwetu Usukumani na Uzinza, ambako watoto wengi huchanganya l na r, na najua hasara yake. Mtoto anayeandika “kula” akikusudia “kura” amesema jambo jingine kabisa. Anayeandika kwamba amenunua karamu dukani hajanunua kalamu. Hayo ni makosa, kwa sababu msomaji hupotezwa njia. Lakini nani amewahi kusoma “color” akadhani ni kitu kingine kisichokuwa rangi? Hiki ndicho kipimo ambacho ningewapa walimu vijana: uliza kwanza kama maana imepotea. Kama imepotea, sahihisha bila huruma. Kama haikupotea, uliza kama mwandishi ameshika njia moja tangu mwanzo hadi mwisho, maana mtu anayeandika “color” katika mstari wa kwanza na “colour” katika wa tano amekosa utaratibu. Kijana wangu alishika njia moja toka mwanzo hadi mwisho. Aliyeyumba nilikuwa mimi, niliyekata z ambazo Oxford wenyewe huziandika.

Wala sisi wenye Kiswahili tusijione tumenusurika. Kiswahili sanifu kilichaguliwa. Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ilikubaliwa kwamba Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kusimamia uamuzi huo. Bila uamuzi kama ule tusingekuwa na vitabu vya shule vya pamoja, na mimi si wa kuupinga. Lakini siku kijana wa kwetu atakapotunga mchezo wa simu wa maneno ya Kiswahili, bibi wa Mombasa ataandika “ndia” akikusudia njia, na “mato” akikusudia macho, kama walivyosema mama zake kabla ya kamati yoyote. Mzee wa pwani ataandika “kheri” na “khabari”. Je, simu itawaambia nini? Ikiwaambia kwamba maneno hayo hayamo katika Kiswahili sanifu, itakuwa imesema kweli. Ikiwaambia kwamba hayo si Kiswahili, itakuwa imesema nilichosema mimi mwaka 1981.

Wazee wetu walikuwa na mchezo wa maneno kabla ya kompyuta, nao ulilijua jambo hili. Jioni bibi yangu alikuwa akisema, “Kitendawili!” nasi tukaitikia, “Tega!” Naye akasema, “Nyumba yangu haina mlango.” Jibu lililozoeleka ni yai. Usiku mmoja binamu yangu, aliyekuwa amefiwa na mama yake wiki chache kabla, alijibu, “Kaburi.” Tulinyamaza. Bibi alimtazama, akafikiri, kisha akasema, “Umepata.” Halafu akageuka kwetu akaongeza, “Na yai pia.” Aliyeshika jibu alikuwa mtu mwenye macho, akaweza kuona kwamba jibu la pili nalo limeingia. Mwenye kushindwa kabisa naye hakuaibishwa. Aliambiwa tu, “Nipe mji,” akatoa mji, Mwanza au Tabora, mwenye kitendawili akafika huko kwa maneno, akala akashiba, kisha akatoa jibu, kicheko kikaendelea.

Simu haina macho ya bibi, na sidhani kwamba ni haki kumdai Wardle aitie macho hayo. Ninachodai ni kidogo. Kila mtunzi wa mchezo wa maneno, kama kila mtunzi wa mtihani, atangaze mlangoni ni tahajia ya nani anayoitumia. Aandike kwamba hapa tunafuata Kimarekani, au hapa tunafuata Kiingereza cha Uingereza, mchezaji aingie akijua. Au, kama anaweza, apokee zote mbili. Jambo hilo si gumu. Lugha inayotumiwa kupamba kurasa za intaneti hukubali neno la rangi ya kijivu kwa a na kwa e vile vile, ingawa neno “color” lenyewe hulipokea kwa njia ya Kimarekani peke yake. Waliotengeneza walikumbuka kwamba kuna watu wawili, walau katika kijivu.

Kwa wale wanaodhani kwamba sasa Mmarekani amekuwa bwana mpya na sisi tubadilishe bwana, nasema pia hapana. Nilipopeleka maandishi ya kitabu hiki katika duka la steshenari hapa mjini ili yapigwe chapa, kijana alinionyesha kwenye kompyuta mistari myekundu chini ya kila “colour” niliyoiandika. Mashine ilikuwa imepangwa kwa Kiingereza cha Marekani, kama zinavyopangwa nyingi. Nilitazama wino mwekundu chini ya maneno yangu nikiwa na miaka zaidi ya 70, nikajua jinsi unavyouma. Kijana alibonyeza mahali fulani, mistari ikatoweka. Mimi pia mwaka 1981 ningeweza kuifuta. Ingenigharimu kufungua kitabu kimoja tu.

Baada ya mjukuu wangu kuondoka nilimtafuta yule mwanachuo. Haikuwa vigumu, amestaafu naye, ana shamba karibu na ziwa, mwendo mfupi kwa bajaji kutoka kwangu. Miaka yote hiyo tulikuwa tukipishana sokoni akiniamkia, “Shikamoo, Mwalimu,” nami nikiitikia marahaba bila aibu. Nilimkuta anachambua mbegu za mahindi. Nilimweleza habari ya mchezo na neno la herufi tano, kisha nikamweleza habari ya alama saba. Alikumbuka zilikuwa saba. Nikamuuliza kamusi ile iko wapi. Alisema ililiwa na mchwa mwaka wa mvua za El Niño.

“Nisamehe,” nilimwambia. “Yalikuwa Kiingereza.”

Aliendelea kuchambua kwa muda. Kisha akasema, “Mwalimu, wanangu wote niliwafundisha kuandika ‘colour’ yenye u. Nilichelea wasije wakakutana na mtu kama wewe.” Alisema kwa upole, hana hasira, na kwa hiyo maneno yale yaliniingia zaidi.

Sikuwa na la kujibu. Aliona nimekwama, akacheka kidogo, akasema, “Basi Mwalimu, umeshindwa. Nipe mji.”

Nikampa Chato.

“Chato ninayo tayari,” akasema. “Nipe London.”

Nikampa.